Vidole Viwili vya Leon Fleisher

Mwaka 1964 Leon Fleisher alikuwa na umri wa miaka 36, na kumbi kubwa za muziki zilikuwa zinamgombania. Mtoto wa mshona kofia wa San Francisco, mhamiaji wa Kiyahudi aliyetoka Odessa, alikuwa ameanza masomo ya piano akiwa na miaka minne. Alipotimiza 16 alipiga konserto ya kwanza ya Brahms pamoja na New York Philharmonic, kazi ambayo watu wazima huikaribia kwa hofu, na mwongozaji wa okestra, Pierre Monteux, akamsifu kwa maneno ambayo kijana yeyote angeyabeba maisha yake yote. Mwaka 1952 akawa Mmarekani wa kwanza kushinda shindano la Malkia Elisabeth mjini Brussels. Halafu zikaja rekodi alizozifanya na mwongozaji George Szell na okestra ya Cleveland: konserto zote tano za Beethoven na mbili za Brahms. Hata leo wanafunzi wa piano huelekezwa kwenye rekodi hizo wakitaka kusikia Beethoven anavyopaswa kusimama.

Tangu 1959 alikuwa pia mwalimu katika chuo cha muziki cha Peabody, Baltimore. Na mbele yake kulikuwa na safari ya Umoja wa Kisovyeti, mwaka 1965, pamoja na Szell na Cleveland. Kwa mpiga piano wa Kimarekani wa wakati ule, safari hiyo ilikuwa kilele.

Ndipo mkono wa kulia ukaanza kumgomea. Mwanzoni ulikuwa uzito mdogo tu, uvivu wa kidole usioonekana na mtu mwingine yeyote. Kisha kidole cha pete na kidole cha mwisho vikaanza kujikunja kuelekea kiganjani kila alipokaa kwenye piano. Alipovitaka vinyooke, vilizidi kujikunja. Haukupita mwaka mmoja tangu dalili za kwanza, mkono uliorekodi Beethoven ukawa hauwezi kupiga hata zoezi la mwanafunzi wa mwaka wa pili.

Kati ya ile dalili ya kwanza na siku mkono ulipokwama kulikuwa na miezi kadhaa, na katika miezi hiyo Fleisher alifanya kile ambacho karibu kila mwanamuziki aliyelelewa kwa nidhamu angefanya. Aliongeza mazoezi. Alikaa kwenye piano saa saba, saa nane kwa siku, akirudia vifungu vilevile, akiulazimisha mkono utii. Baadaye alikiri mwenyewe, tena mara nyingi, kwamba hayo yalikuwa mazoezi ya kimashine, vidole vinakimbia huku sikio limelala. Mkono ulikuwa unasema jambo, naye akaujibu kwa kuupigia kelele.

Szell ndiye aliyemwambia wakati wa matayarisho kwamba asingeweza kwenda Urusi katika hali ile. Szell alikuwa mtu mkali, maarufu kwa kutomwonea mtu haya, na naamini kwamba siku ile ukali wake ulikuwa huruma. Okestra ikasafiri. Fleisher akabaki nyumbani, na kwa muda wa karibu miaka thelathini mkono wake wa kulia haukurudi jukwaani kama zamani.

Ugonjwa huo sasa una jina: distonia. Wakati ule madaktari aliowaendea hawakuwa nalo. Ndani ya ubongo wa binadamu kila kidole kina eneo lake, na mtu mwenye afya hutuma amri kwa kimoja bila kukigusa jirani yake. Mtu akirudia mwendo uleule maelfu kwa maelfu ya mara, kwa kasi na kwa kujikaza, mipaka ya maeneo hayo inaweza kuanza kufifia. Amri iliyokusudiwa kidole kimoja inamwagikia viwili au vitatu. Mkono wenyewe ukipimwa haukutwi na kosa: mfupa mzima, msuli mzima, mishipa mizima. Wengi wanaoupata wanashika kijiko, wanafunga vifungo vya shati, wanaendesha gari bila shida yoyote. Tatizo hutokea kwenye chombo tu, tena pengine katika mwendo mmoja tu. Ndiyo maana kwa miaka mingi wagonjwa wa namna hii waliambiwa ni woga, au uvivu, au ndoa zao zina matatizo. Inakadiriwa kuwa mwanamuziki mmoja kati ya mia hupatwa nao, idadi kubwa mno kwa ugonjwa ambao wanafunzi wengi humaliza chuo hawajawahi kuusikia ukitajwa.

Fleisher aliugeukia kila mlango. Alichomwa sindano za ganzi, akaenda kwa wataalamu wa akili, akajaribu tiba za mikono na tiba za maneno. Ndoa ikavunjika. Akafuga nywele, akanunua pikipiki ya Vespa, na alieleza hadharani kwamba kuna wakati aliwaza kujiua. Sioni sababu ya kulipita jambo hilo haraka. Mtu aliyefunzwa tangu miaka minne kwamba thamani yake iko kwenye vidole kumi, akivipoteza viwili, hajui amebakiwa na nini. Wazazi wanaomtambulisha mtoto kwa wageni kwa kusema huyu ndiye mpiga piano wetu wangefaa kulifikiria hilo kabla hawajamwita sebuleni apige.

Kinachoniuma zaidi katika kisa hiki ni kwamba Fleisher hakufundishwa kufanya mazoezi ya kimashine. Mwalimu wake alikuwa Artur Schnabel, aliyempokea akiwa na miaka tisa, ingawa desturi yake ilikuwa kutopokea watoto. Alimfundisha kwanza Italia, kando ya ziwa Como, kisha New York, na sharti lake lilikuwa kwamba mtoto asipangiwe maonyesho wakati anasoma. Kwa watu wa pwani, ambao mwanafunzi wa elimu humtaja mwalimu wake na mwalimu wa mwalimu wake, silsila hii itaeleweka mara moja: Beethoven alimfundisha Czerny, Czerny akamfundisha Leschetizky, Leschetizky akamfundisha Schnabel, Schnabel akamfundisha Fleisher. Na kilichopitishwa katika silsila hiyo, hasa kwa Schnabel, kilikuwa kwamba sauti isikike kwanza kichwani, kisha ndipo kidole kiguse ufunguo. Schnabel hakuwa na subira na mazoezi ya viungo yaliyojifanya muziki. Mwanafunzi wake bora akaja kuvunjikia palepale alipokuwa ameonywa.

Kwa nini? Jibu langu ni kazi, jinsi kazi yenyewe ilivyo. Mpiga piano anayezunguka dunia hapiti kwa mwalimu wake kila wiki. Ana mikataba ya mwaka ujao na wa baada yake. Kila ukumbi unataka kusikia kilekile alichokirekodi, kwa usafi uleule, bila kukosea. Hofu ya kukosea ndiyo inayomrudisha kwenye piano usiku, naye huiita nidhamu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini katika kazi hii anayefichua naye huumbuka, kwa kuwa simu huacha kulia siku hiyohiyo.

Kwa wanamuziki wa vikundi vidogo mambo ni magumu zaidi. Muziki wa chemba ni muziki wa watu wawili, watatu, wanne au watano, kila mmoja na sauti yake, bila mwongozaji. Kwarteti ya nyuzi ina fidla mbili, viola na chelo. Katika okestra yenye wapiga fidla thelathini, mmoja akiumwa nafasi yake hukaliwa na mwingine na msikilizaji hajui. Katika kwarteti, mmoja akiumwa wote wanne wamekosa mshahara wa usiku ule. Mbadala hapatikani kwa simu, maana wanne hawa wamekaa miaka kumi wakijifunza kupumua pamoja: nani anaanza, nani anasubiri, nani anaachia noti mapema ili mwenzake asikike. Amadeus Quartet ya London ilidumu miaka arobaini bila kubadilisha mtu hata mmoja, na mpiga viola wao alipofariki mwaka 1987, watatu waliobaki waliachana kabisa na kwarteti badala ya kutafuta mwingine.

Sasa mfikirie mtu ndani ya kikundi cha namna hiyo anayehisi kidole chake kimeanza kuchelewa. Akisema, anagusa chakula cha familia nne. Asiposema, anaumia zaidi, na siku ya kuanguka wataanguka wote. Peter Oundjian alikuwa mpiga fidla ya kwanza wa Tokyo String Quartet kwa miaka 14, kuanzia 1981. Ilikuwa moja ya kwarteti kubwa za dunia, na sehemu ya maisha yao ilikuwa kufundisha katika chuo kikuu cha Yale. Distonia ikamshika mkono wa kushoto, ule unaobonyeza nyuzi, na mwaka 1995 akaondoka. Wenzake walilazimika kutafuta fidla mpya ya kwanza, na kwarteti inayobadilisha fidla ya kwanza hubadilika sauti yote. Oundjian mwenyewe alishika kijiti cha uongozaji, akaiongoza okestra ya Toronto kuanzia 2004 hadi 2018. Ukiusoma wasifu wake kwenye karatasi ya tamasha, unaonekana kama ngazi, mtu amepanda kutoka kwarteti hadi okestra. Mkono ulioamua safari hiyo mara nyingi haupewi hata mstari mmoja.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 wanamuziki zaidi ya 2,000 wa okestra za Marekani waliulizwa kuhusu afya zao. Karibu robo tatu walisema wana angalau tatizo moja la mwili linalowaathiri katika upigaji wao. Robo tatu! Hawa ni watu wenye ajira, wenye bima, wenye vyama vya kuwatetea. Mpiga fidla wa kujitegemea, anayelipwa kwa onyesho na kwa somo, hakuulizwa. Yeye huchukua kidonge cha maumivu nyuma ya pazia, anapaka mafuta ya moto mkononi, anaingia jukwaani akitabasamu.

Narudi kwa Fleisher, maana katikati ya kisa chake kuna usiku mmoja unaostahili kutazamwa kwa karibu.

Mwaka 1981 alifanyiwa upasuaji wa kifundo cha mkono. Mwaka huohuo yeye na rafiki yake Gary Graffman, mpiga piano mwingine mkubwa aliyezaliwa mwaka mmoja naye na aliyepatwa na tatizo kama lake, walizungumza hadharani kuhusu mikono yao, jambo ambalo wanamuziki wa hadhi yao hawakuwa na desturi ya kulifanya. Wapenzi wa muziki wakapata matumaini. Septemba 1982 mji wa Baltimore ulikuwa unafungua ukumbi mpya wa okestra, Meyerhoff, na iliamuliwa kwamba Fleisher arudi na mikono miwili usiku wa ufunguzi, mbele ya kamera za televisheni. Kadiri siku zilivyokaribia aliona kwamba kazi kubwa aliyokusudia isingewezekana, akachagua nyingine fupi zaidi, ya César Franck, ambayo ingeuvumilia mkono wake. Alipiga. Ukumbi ulisimama na kushangilia, watu walilia, na habari ikaenea kwamba amepona.

Hakuwa amepona, na katika ukumbi mzima yeye ndiye aliyelijua hilo kuliko wote. Alijua kila mahali alipokwepa, kila noti aliyoipitisha kwa kidole kisicho chake, kila kifungu alichokivuka kwa ujanja wa miaka arobaini. Makofi yale yalikuwa mtego. Angeyapokea, mikataba ingemiminika, na kila mkataba ungemdai mkono asiokuwa nao. Alirudi nyuma. Aliachana na mipango ya kurejea kwa mikono miwili, akaendelea na kazi aliyokuwa akiifanya. Katika maisha yake yote, hapo ndipo ninapomwona jasiri kuliko popote. Kushindwa mbele ya watu hutokea hata bila kutaka, lakini kukataa ushindi ambao umma umekwisha kukupa ni jambo la kuchagua.

Na kazi aliyoirudia ilikuwa nzito vya kutosha, kwa sababu mtu huyu hakuwa amekaa bure kwa miaka ile. Alianza kupiga kazi zilizoandikwa kwa mkono wa kushoto peke yake. Nyingi kati ya hizo zipo kwa sababu ya Paul Wittgenstein, mpiga piano wa Vienna aliyepoteza mkono wa kulia mwaka 1914 katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na ambaye, kwa kuwa alitoka katika familia tajiri, aliwaagizia watunzi wakubwa wamwandikie: Ravel, Prokofiev, Britten, Hindemith, Korngold. Fleisher alianza pia kuongoza okestra. Mwishoni mwa miaka ya 1960 yeye na mtunzi Dina Koston walianzisha mjini Washington kikundi cha muziki wa chemba kilichoitwa Theater Chamber Players, ambacho kilichanganya kazi za kale na za watunzi walio hai.

Zaidi ya yote, alifundisha. Kabla ya 1964 alikuwa akifundisha kama wafundishavyo wapigaji wengi wenye uwezo: mwanafunzi akikwama, mwalimu anamsogeza pembeni, anakaa kwenye kiti, anapiga kifungu, anasema hivi. Ni njia ya haraka na inapendeza macho, lakini mwanafunzi hurudi nyumbani na mwigo. Mkono ulipomkatalia, Fleisher hakuweza tena kuonyesha. Ilimbidi aseme. Ilimbidi atafute maneno ya kueleza kwa nini sentensi hii ya muziki inainuka, uzito uko wapi, ukimya huu una kazi gani, kwa nini noti ya pili isisikike kama ya kwanza. Na ili aseme, ilimbidi ajue kwa undani ambao vidole vyake vilikuwa vimemsamehe kuujua. Mwenyewe alisema kwamba hapo ndipo alipokuwa mwalimu wa kweli. Wanafunzi walikaa darasani pamoja, mmoja anapiga na wengine wanasikiliza, kama Schnabel alivyofanya. André Watts alipita mikononi mwake. Yefim Bronfman alipita. Jonathan Biss alipita. Kuanzia 1986 hadi 1997 aliongoza Tanglewood Music Center, shule ya kiangazi ya okestra ya Boston, ambako wanamuziki vijana hupiga muziki wa chemba siku baada ya siku na waliowatangulia katika kazi.

Graffman naye, alipoacha kupiga kwa mikono miwili, aligeukia ualimu, akawa mkuu wa chuo cha muziki cha Curtis, Philadelphia, kuanzia 1986. Lang Lang na Yuja Wang walikuwa wanafunzi wake. Kati ya wanaume hawa wawili wenye mikono iliyokwama kimetoka kizazi kizima cha wapiga piano wanaojaza kumbi za leo.

Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu katika mazungumzo ya wanamuziki ualimu husemwa kwa sauti ya chini, kama kituo cha basi ambacho mtu hushuka tu akikosa nauli ya kufika mbele. Kijana anamaliza chuo, anaulizwa anafanya nini, anasema kwa sasa anafundisha. Hilo neno kwa sasa limewapotosha wengi. Ukitazama maisha ya wanamuziki wa chemba kwa uaminifu, utakuta kwamba mshahara wa kudumu wa kwarteti nyingi unatoka chuo kikuu, na maonyesho hulipa kinachobaki baada ya nauli, hoteli na asilimia ya wakala kutolewa na salio kugawanywa kwa wanne. Anayeshika ualimu kwa mkono mmoja huku jicho likiwa jukwaani anapuuza nusu ya kazi yake mwenyewe, na siku jukwaa likimwacha atakuta hiyo nusu hajaijenga. Fleisher aliponea chupuchupu. Kabla ya msiba alikuwa na miaka mitano tu Peabody, na chuo hakikumtupa. Sijui angekuwa wapi kama mwaka 1959 angejibu kwamba hana muda wa wanafunzi.

Jina la ugonjwa lilipopatikana hatimaye, tiba ilikuja kwa sehemu. Katika miaka ya 1990 alianza kuchomwa sindano za Botox kwenye misuli iliyokuwa ikivuta vidole, akichanganya na ukandaji wa kina wa mkono wote. Sindano hulegeza msuli unaojikaza kupita kiasi, nguvu yake huisha baada ya miezi, na mtu huchomwa tena. Distonia haikuondoka. Alipokuwa anapiga, vidole vilikuwa bado vinataka kujikunja, naye akavipangia njia nyingine za kupita. Lakini vilinyooka kiasi cha kurudi jukwaani, na mwaka 2004 akatoa rekodi iliyoitwa Two Hands, yenye sonata ya mwisho ya Schubert. Alikuwa na miaka 76. Miaka michache baadaye alirekodi kwinteti ya piano ya Brahms na Emerson String Quartet, na alizoea kupiga na mkewe, Katherine Jacobson, watu wawili kwenye piano moja.

Watu wengi husimulia kisa hiki wakianzia hapo, kwenye rekodi ya 2004, na kukiita kisa cha ushindi. Sikubaliani nao. Ni kweli mzee alipata neema, lakini kijana wa miaka 36 alipotea, na pamoja naye zilipotea rekodi zote ambazo mkono ule ungezifanya katika umri wake bora. Mtunzi Robert Schumann alipotea hivyohivyo kama mpiga piano, Leipzig mwanzoni mwa miaka ya 1830, alipokiharibu kidole cha mkono wa kulia, na mazoezi ya kupita kiasi na chombo alichokitumia kukiimarisha hutajwa miongoni mwa sababu. Zaidi ya miaka 130 inawatenganisha, na onyo la kwanza lilikuwa limeandikwa vitabuni siku zote.

Nairobi, Kampala na Dar es Salaam kuna watoto wanaojiandaa kwa mitihani ya piano na fidla ya bodi ya London, na miezi miwili kabla ya mtihani nyumba nyingi huingia katika hali ya hatari: skeli asubuhi, skeli jioni, mama mlangoni anahesabu dakika. Zanzibar kuna vijana wanaojifunza fidla na kanuni ya taarab. Katika kumbi za dansi kuna wapiga gitaa wanaokesha wakirudia mzunguko uleule wa vidole vitatu mpaka alfajiri. Distonia haichagui Brahms. Inampata mpiga gitaa, mpiga ngoma, mpuliza tarumbeta kwenye midomo. Mwalimu wa yeyote kati yao anapaswa kuzijua dalili zake: kidole kinachojikunja au kunyanyuka bila kuamriwa, makosa yanayoanza kutokea mahali ambapo mwanafunzi alikuwa hakosei, mkono unaokuwa mzito kwenye chombo tu na mwepesi kwingine kote. Mara nyingi hakuna maumivu, kwa hiyo swali la unaumwa wapi halitoshi. Na dalili hizo zikionekana, dawa ya kwanza ni kuacha. Mwanafunzi apumzishwe siku ileile, ashushiwe kasi, apewe kazi ya kusikiliza na kusoma noti bila chombo, na apelekwe kwa daktari wa mishipa ya fahamu kabla hajapelekwa kwa mkandaji. Anayemwambia aongeze saa moja anamsukuma shimoni.

Kikundi nacho kina wajibu wake. Wanne wanaopiga pamoja wangeweza kukubaliana siku ya kwanza, wakiwa wazima na wakipendana, kwamba anayeumwa atasema na hatapoteza nafasi yake kwa kusema, kwamba maonyesho mawili yanaweza kufutwa bila mtu kunyooshewa kidole, kwamba katika fedha zinazoingia kuna fungu la dharura. Vikundi vinavyoandika mambo hayo ni vichache, kwa kuwa wakati wa neema yanaonekana kama uchuro.

Desemba 2004, mwaka uleule ambao mkono wake wa kulia ulikuwa umerudishwa kwa wasikilizaji, Fleisher alisafiri kwenda Berlin kupiga kwa mkono wa kushoto peke yake. Kazi yenyewe ilikuwa ya Hindemith, iliyoandikwa mwaka 1923 kwa ajili ya Wittgenstein, ambaye hakuipenda, akaifungia, na hakuipiga kamwe. Ilipatikana katika mali ya mjane wake baada ya mjane huyo kufariki. Berlin Philharmonic ilikuwa chini ya Simon Rattle, na usiku ule ndio ulikuwa wa kwanza kwa kazi hiyo kusikika, baada ya zaidi ya miaka 80. Fleisher angeweza kuomba konserto ya mikono miwili, na asingekosa wa kumpa. Aliendelea kupiga, kuongoza na kufundisha hadi uzeeni, akafariki Baltimore Agosti 2020, akiwa na miaka 92.